Deni la Shilingi 10,624,190: Uchambuzi wa Kisa cha Mpwa Wangu

Jumapili moja ya Januari 2025, sebuleni kwa dada yangu Tabata Segerea, mpwa wangu aliweka mezani hati yake ya mshahara wa Desemba, akaibana kwa sahani ya vitumbua ili feni isiipeperushe. Mshahara wa msingi ulikuwa shilingi 800,000. Chini yake zilifuata safu tatu za makato: NSSF 80,000, kodi ya mapato 60,000, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu 120,000. Kilichobaki kilikuwa 540,000. Mama yake aliisoma mara mbili, kisha akaweka kidole kwenye ile 120,000 na kuuliza, "Kaka, hii itaisha lini?"

Mimi ni mhasibu na kazi yangu ya kila mwezi ni kuandaa mishahara, kwa hiyo swali hilo nimeulizwa na vijana wengi kabla ya dada yangu. Mara nyingi nimelijibu kwa haraka, kwa kugawa deni kwa makato na kutaja mwaka. Safari hii niliona jibu la namna hiyo lingekuwa dhuluma, kwa sababu familia ilikuwa na maamuzi matatu mkononi yaliyotegemea hesabu hiyo hiyo: mama alitaka kukopa kwenye kikoba ili alipunguze deni la binti yake, binti mwenyewe alikuwa anafikiria kurudi chuoni kusomea sheria, na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa anajiandaa kumaliza kidato cha sita, alitaka kusoma shahada ile ile aliyosoma dada yake. Nimeomba ruhusa yao kukiandika kisa hiki. Majina yao, jina la chuo na la mwajiri nimeyaacha, lakini tarakimu ni zao.

Deni lenyewe limeundwa na nini

Mpwa wangu alisoma shahada ya miaka mitatu ya usimamizi wa sheria, kuanzia mwaka wa masomo 2018/19 hadi 2020/21. Ni masomo yanayohusu polisi, magereza, upelelezi, ushahidi, haki za mtuhumiwa na mwenendo wa kesi za jinai, na wengi wanaoyachagua huwa wameshajiona ndani ya sare. Ada ilikuwa shilingi 1,300,000 kwa mwaka, na Bodi ilimpangia asilimia 70 ya ada hiyo, yaani 910,000. Wazazi walilipa 390,000 zilizobaki, ambazo kwa miaka mitatu zilifika 1,170,000.

Watu wengi wanaposikia deni la mkopo wa chuo hudhani ni deni la ada. Kwa mpwa wangu ada ilikuwa 2,730,000 tu kati ya mkopo wote wa 10,519,000. Fedha za vitabu zilikuwa 600,000 kwa miaka mitatu, na za mafunzo kwa vitendo 1,120,000 kwa misimu miwili. Sehemu kubwa, 6,069,000, ilikuwa ni fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wote nchini huziita bumu. Wakati huo zilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 zikapandishwa hadi 10,000. Kwa maneno mengine, karibu asilimia 58 ya deni lake ni wali, maharage, nauli na kodi ya chumba cha watu wawili. Ukiongeza ada ya uendeshaji ya asilimia 1, ambayo hutozwa mara moja, unapata 10,624,190.

Sisemi hivyo ili kumlaumu mwanafunzi aliyekula. Binti wa miaka 20 lazima ale, awe chuoni au nyumbani, na ndiyo maana si haki kuiweka bumu yote kwenye gharama ya shahada. Hata hivyo ni jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kuambiwa waziwazi siku anayojaza fomu, kwa sababu ada hana namna ya kuipunguza, ilhali bumu iko mikononi mwake kila inapoingia. Mpwa wangu aliniambia kwamba katika mwaka wa tatu, alipokuwa akiishi nyumbani Segerea, sehemu nzuri ya fedha hizo iliishia kwenye simu na nguo za mahafali. Alisema hivyo huku akitazama sakafu, nami sikuona sababu ya kuongeza neno.

Rula ukutani

Alimaliza Julai 2021 akiwa na miaka 23. Lengo lake lilikuwa Jeshi la Polisi, na akilini mwake njia ilikuwa imenyooka: shahada, maombi, mafunzo ya awali katika Shule ya Polisi Moshi, na baada ya miaka michache kozi za uongozi Kurasini. Mhitimu wa shahada anayeajiriwa humo huanzia chini kama konstebo, jambo alilolijua na kulikubali.

Ambacho hakuna aliyekifikiria, si yeye, si wazazi wake, wala si mimi niliyemsaidia kujaza fomu ya mkopo, ni urefu wake. Matangazo ya ajira za polisi ya miaka ya karibuni yanamtaka mwombaji wa kike asipungue futi tano na inchi nne, na wa kiume futi tano na inchi nane. Mhitimu wa shahada anatakiwa asizidi miaka 30, na mwombaji anatakiwa awe hajaoa wala kuolewa na hana mtoto. Mpwa wangu alijipima ukutani kwa rula ya mdogo wake, kisigino kimegusa ukuta na kitabu kimewekwa juu ya kichwa, akapata futi tano na inchi mbili. Akajipima tena asubuhi, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba mtu huwa mrefu kidogo anapoamka. Zilikuwa zile zile.

Kipimo hicho hakihitaji chuo wala mkopo. Kingeweza kufanyika mwaka 2018 kwa dakika mbili, na kingembadilishia swali zima, kwani asingeuliza tena kama polisi watamchukua, bali angeuliza ni nani mwingine anayemhitaji mtu mwenye elimu hii. Ninaijutia nafasi hiyo kuliko jambo lolote katika kisa hiki, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima mwenye kalamu.

Zipo njia nyingine ndani ya mfumo wa haki jinai. Kuna TAKUKURU, kuna Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kuna huduma za uangalizi kwa wanaotumikia adhabu nje ya gereza, na kuna vitengo vya ulinzi na udhibiti wa udanganyifu katika benki, bima na kampuni za simu. Aliomba sehemu nyingi kati ya hizo na aliitwa kwenye usaili mara mbili. Miezi ikapita.

Miezi 31 kwenye kibanda

Kuanzia Agosti 2021 hadi Februari 2024 alikaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa kwa simu cha shemeji yangu, karibu na kituo cha daladala, akilipwa shilingi 200,000 kwa mwezi bila mkataba. Kwenye kibanda hicho hicho ndiko alikokuwa binamu yake wa rika lake, ambaye alimaliza naye kidato cha sita mwaka 2018 na hakwenda chuo. Binamu alianza kwa 150,000, na leo, pamoja na sehemu ya kamisheni, anapata kama 250,000. Kwa miezi 31 mhitimu na asiye mhitimu walikaa kwenye viti viwili vya plastiki wakifanya kazi ile ile. Dada yangu alikuwa akipita hapo kila asubuhi akielekea sokoni, na anasema kilichomuuma zaidi ya umaskini ni kuwaona wawili hao bega kwa bega.

Hapa ndipo sheria ya marejesho inapomgusa mtu kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mnufaika hupewa miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kurejesha. Akiajiriwa rasmi, mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 na kumkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016. Aliyejiajiri mwenyewe anatakiwa kurejesha asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au shilingi 100,000 kwa mwezi, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Uwiano huo unamwelemea mwenye kipato kidogo. Mwenye mshahara wa 800,000 anatoa asilimia 15, ilhali kijana ambaye biashara yake ndogo inamwachia 200,000 kwa mwezi, akiitimiza sheria, anatoa nusu. Naamini ndiyo sababu vijana wengi walioko kwenye biashara ndogo hawaendi kujitambulisha kwa Bodi, na ningependa siku moja kiwango hicho cha chini kitazamwe upya, kwa sababu kinamtisha yule yule ambaye angeweza kulipa 20,000 au 30,000 kwa moyo mweupe.

Kilichomwokoa mpwa wangu katika miezi hiyo ni uamuzi wa mwaka ule ule aliomaliza. Hadi 2021 mikopo hii ilikuwa na tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, na Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka huo, jijini Mwanza. Kwa mkopo wa 10,519,000, asilimia 6 ni 631,140 kwa mwaka. Tozo hiyo ingekuwapo, miezi 31 ya kukaa kibandani ingemwongezea zaidi ya shilingi 1,600,000 kabla hajalipa hata senti, na katika mwaka wa kwanza wa kukatwa 120,000 kwa mwezi, takriban asilimia 44 ya makato yake ingemezwa na tozo. Bila tozo, deni alilotoka nalo chuoni ndilo alilolikuta siku alipopata kazi.

Kazi ilivyopatikana

Februari 2024 aliitwa kwenye usaili wa nafasi katika kitengo cha udhibiti wa udanganyifu cha taasisi moja ya fedha. Alitarajia maswali ya darasani. Swali la kwanza lilikuwa aeleze, hatua kwa hatua, jinsi wakala anavyoibiwa. Alieleza alichokiona kwa macho yake: mtu anayeleta noti akihesabu kwa sauti huku mwenzake akipiga simu ya uongo ya kujifanya huduma kwa wateja, ujumbe wa muamala uliotungwa unaofanana na halali isipokuwa namba iliyoutuma, laini inayosajiliwa upya kwa jina la mwenyewe bila mwenyewe kujua, na zile jumbe maarufu za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kisha wakamuuliza ni nini kingehitajika ili tukio la namna hiyo lisimame mahakamani, na hapo ndipo miaka mitatu ya darasani ilipojibu. Alizungumzia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, namna kielelezo cha kielektroniki kinavyotakiwa kuhifadhiwa na kufuatiliwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kwa nini picha ya skrini iliyopigwa na jirani haitoshi.

Machi akaanza kazi kwa 800,000. Nimemhoji sana kuhusu usaili huo kwa sababu unabeba jibu la maamuzi mawili kati ya yale matatu. Wasailiwa wenzake wenye shahada walikuwa wengi. Walioijua kazi ya uwakala nao si haba mjini hapa. Alichokuwa nacho yeye ni vyote viwili kwa pamoja, na cha pili alikipata mahali ambapo familia nzima ilikuwa ikipahesabu kuwa ni kupoteza muda.

Kupima kipato na deni

Sasa hesabu yenyewe. Nimemlinganisha na binamu yake, si na mhitimu wa kufikirika, kwa sababu binamu ndiye aliyeishi maisha ambayo mpwa wangu angeishi kama asingekwenda chuo.

Alichokiacha kwa kwenda chuo ni miezi 36 ya malipo ya 150,000, yaani 5,400,000. Ukijumlisha 1,170,000 za wazazi unapata 6,570,000. Mkopo sijauweka hapo, kwa kuwa unajionyesha wenyewe kwenye makato ya kila mwezi, na kuuhesabu pande zote mbili ni kosa ambalo nimeliona hata kwa wahasibu wenzangu. Leo anapokea 540,000 baada ya makato, na binamu yake 250,000. Tofauti ni 290,000 kwa mwezi. Gawa 6,570,000 kwa 290,000, unapata miezi 23. Maana yake ni kwamba mwanzoni mwa 2026, akiwa bado anakatwa mkopo, atakuwa amekwisha kurudisha kila alichokiacha, na kuanzia hapo anakuwa mbele. Deni likiisha, tofauti inapanda hadi 410,000. Wala sijahesabu zile 80,000 ambazo mwajiri naye anamchangia NSSF kila mwezi, ambazo binamu kibandani hana.

Nikabadilisha tarakimu moja tu. Nilichukua mshahara wa 400,000, ambao si wa kubuni kwa mhitimu anayeajiriwa kama msimamizi wa walinzi katika kampuni binafsi; kima cha chini cha kisheria kwa kampuni kubwa za ulinzi, kilichoanza kutumika Januari 2023, kilikuwa 222,000, na kwa kampuni ndogo 148,000. Kwenye 400,000, NSSF ni 40,000, kodi ni 7,200, Bodi ni 60,000, na mkononi zinabaki 292,800. Tofauti na binamu ni 42,800. Gawa tena 6,570,000 kwa tofauti hiyo, na miezi 23 inageuka kuwa zaidi ya miezi 153, karibu miaka 13, wakati deni lenyewe litachukua miezi 178 kulipwa. Shahada ni ile ile na deni ni lile lile.

Hesabu hizi mbili nilizichora kwenye karatasi moja na kuwapa wote waisome, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho ukubwa wa deni unakificha. Makato yanapungua mshahara unapopungua, hivyo deni halimkabi mtu kwa nguvu sawa. Kinachoamua ni umbali kati ya mshahara wa shahada na kile ambacho kijana angekipata bila hiyo shahada, na ni muda gani atasubiri kabla ya kuuona. Kwa shahada za haki jinai maswali hayo mawili ni mazito kuliko kwa mwalimu au muuguzi, kwa sababu waajiri wakubwa ni vyombo vya dola vyenye masharti ya mwili, umri na hali ya ndoa, na mtu aliyekwama kwenye sharti mojawapo hutupwa kwenye soko la ulinzi binafsi ambako shahada huongeza kidogo sana kwenye mshahara.

Mpwa wangu alikuwa amesoma mtandaoni kanuni inayopendwa Marekani, kwamba deni lote la masomo lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa kazi. Mshahara wake wa mwaka ni 9,600,000 na deni lilikuwa 10,624,190, kwa hiyo alijiona ameshafeli. Nilimweleza kwamba kanuni hiyo imetungwa mahali ambapo deni linazaa. Mikopo ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ilikuwa na riba ya asilimia 6.53 kwa iliyotolewa mwaka wa masomo 2024/25, na anayechelewa kulipa hulikuta limenenepa. Kwa upande mwingine, polisi au afisa wa magereza wa huko aliyesoma haki jinai anaweza kusamehewa salio baada ya kulipa marejesho 120 akiwa katika utumishi wa umma, msamaha ambao hapa kwetu haupo. Ni mizani mbili tofauti, na mtu akichukua jiwe la mizani moja akalipimia kwenye nyingine atapunjika.

Maamuzi matatu

La mama lilikuwa jepesi kulijibu kwa tarakimu, gumu kulisema kwa mdomo. Ana akiba ya shilingi 2,000,000 kwenye kikoba, na utaratibu wao unamruhusu kukopa mara tatu ya akiba. Alitaka achukue 6,000,000 azipeleke Bodi. Kikoba chao kinatoza asilimia 3 kwa mwezi, ambayo kwa milioni sita ni 180,000 ya riba mwezi wa kwanza, kabla ya kugusa mkopo wenyewe. Yaani angelipa 180,000 ili kupunguza deni lisilo na riba, na bado binti angeendelea kukatwa 120,000 kwa zaidi ya miaka miwili, kwani salio siku hiyo, baada ya makato kumi, lilikuwa 9,424,190. Nilimwambia, "Dada, deni hili la mtoto ndilo deni la bei rahisi kuliko yote mtakayowahi kuwa nayo." Alinyamaza muda mrefu. Kwake deni la serikali lilikuwa doa juu ya jina la mwanawe, na heshima haigawanywi kwa kikokotoo. Nililielewa hilo, na ndiyo maana sikumwambia kuwa anakosea. Nilimwonyesha tu kwamba bei za vitu zimekuwa zikipanda kwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka katika miaka hii, hivyo 120,000 itakayokatwa mwaka 2031, litakapokuwa linaisha, itakuwa nyepesi kuliko 120,000 ya leo. Alikubali kuliacha liende kwa mwendo wake.

Kwa hoja hiyo hiyo nilimshauri mpwa wangu asikimbilie kulipa zaidi ya asilimia 15. Akipata ziada ajenge kwanza akiba ya miezi mitatu, na inayozidi aiweke kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, ambako fedha inaongezeka. Ila nilimtaka achukue taarifa ya deni lake kila Januari na kuilinganisha na hati zake za mshahara 12. Fedha iliyokatwa lakini haijaonekana kwenye akaunti ya mnufaika hufuatiliwa kwa urahisi ikiwa na mwaka mmoja, na kwa tabu kubwa ikiwa na sita.

La kusomea sheria nililipa muda zaidi, kwa sababu hapo ndipo moyo wake ulipo. Anataka kuwa wakili. Shahada ya kwanza ya sheria kwa utaratibu wa jioni au wa masomo huria ingemchukua si chini ya miaka mitatu, kwa fedha yake mwenyewe, kwa kuwa ameshatumia mkopo wa shahada ya kwanza. Baada ya hapo lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022 yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, na serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea. Akilazimika kuacha kazi kwa mwaka wa mafunzo hayo, anaacha 6,480,000 alizokuwa akizipokea mkononi. Sikumwambia asiende. Nilimtaka aulize kazini kwake ni watu gani wamepanda cheo kwenye kitengo chake katika miaka mitano iliyopita na walikuwa na vyeti gani. Aliporudi na jibu wiki mbili baadaye, ilionekana waliopanda wengi walikuwa na vyeti vifupi vya kitaalamu vya uchunguzi wa udanganyifu na uchambuzi wa taarifa za kifedha, na mmoja tu alikuwa mwanasheria. Ameamua kuanza na cheti kimoja mwaka huu kwa fedha ya mshahara wake, na suala la sheria tumelipangia kulizungumza upya atakapotimiza miaka mitatu kazini.

Mdogo wake alikuwa amekaa kimya karibu na mlango muda wote huo, simu mkononi, akisubiri zamu yake. Dada yake ndiye aliyesimama, akachukua rula ile ile ndani, akamwambia avue viatu. Alipata futi tano na inchi tisa. Akamuuliza mambo mengine kwa mpangilio ambao ni wazi alikuwa ameuandaa: kama akikosa polisi mara mbili atafanya nini, ni mwajiri gani asiye na sare anaweza kumtaja kwa jina, na likizo ya baada ya mtihani atakaa wapi. Kwa maswali mawili ya kwanza kijana hakuwa na jibu. Kwa la tatu alisema anaweza kukaa kibandani na binamu. Fomu ya mkopo imeahirishwa mpaka maswali mawili yale yapate majibu yaliyoandikwa, na kibandani ataanza Jumatatu ya kwanza baada ya mtihani, saa moja asubuhi.